Yai Halina Mdomo

Kwenye matanga ya mume wangu, mimi ndiye niliyegawa soda. Najua jinsi inavyosikika. Kwetu Lubumbashi mjane hutandikiwa godoro sakafuni, akakaa hapo na wanawake wenzake, na haguswi na kazi yoyote. Hata maji ya kunywa huletewa. Wifi yangu alilitandika godoro hilo vizuri, katika ukumbi tuliokodi hapa Brussels, nyuma ya Chaussée d'Ixelles, akanikalisha na kunifunika kitenge. Nilikaa labda nusu saa. Kisha nikaona meza moja haina vinywaji, nikainuka. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao, miaka mingi sasa, na mwili wangu ukiona mtu hana glasi mkononi hauombi ruhusa.

Ukumbi ulijaa. Husemwa kifo cha wengi ni harusi, na kweli mtu aliyepita nje akasikia spika zile angemtafuta bibi harusi. Mchungaji alihubiri. Binamu wa marehemu alitoa hotuba kwa Kifaransa, halafu binamu mwingine akaitoa hiyo hiyo kwa Kilingala. Mimi nilipita katikati yao na kreti. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi kabla haujaanza kuwasha, ila ulikuwa mwili mzima.

"Mujane gani huyu," nilimsikia wifi akimwambia mtu, "anatumika kama serveuse."

Alikuwa na haki ya kusema. Niliweka chupa mbele yake pia.

Mume wangu alikuwa mlinzi katika jengo moja la ofisi karibu na Schuman. Alianguka kazini asubuhi moja ya Machi, mbele ya mashine ya kukagua mifuko, akafa kabla ya ambulansi kufika. Binti yetu, ambaye ni mmoja tu na alikuwa na miaka kumi na sita, ndiye aliyeipokea simu kutoka huko, kwa sababu yangu ilikuwa mkobani na mimi nilikuwa namwogesha mteja. Nilipoishika hatimaye, alisema, "Papa amekufa, maman." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Hakulia, hakupiga kelele, alifunga mdomo tu. Makaburini hakusema, shuleni hakusema, na daktari akamulika koo lake akasema halina kasoro.

Nilitaka kitu kimoja duniani: aseme tena. Hata kama ni kunitukana. Ganzi yangu mwenyewe ningeweza kuishi nayo, nilishaanza kuizoea, lakini ile ya mtoto ilinitisha, hata kama woga wenyewe niliuhisi kwa mbali, kama redio ya jirani. Kila mtu alikuja na dawa yake. Mwanasaikolojia wa shule alimpa kalamu za rangi. Mchungaji alimwekea mikono. Wifi alimkemea. Na mimi, ambaye ni mtu wa maneno tangu kuzaliwa, nilimsemesha kuanzia asubuhi hadi anapolala: umekula, umevaa soksi, sema na mama, papa angependa useme. Chumba chake kilikuwa kama duka ambalo mwenyewe amefunga na wateja bado wanagonga.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Babu yangu mzaa baba alikuwa Myahudi. Alitoka kisiwa cha Rodi, akauza vitambaa Lubumbashi enzi za Wabelgiji na baada yao. Alikuwa na mke wa kwao aliyeingia kwa mlango wa mbele, na alikuwa na bibi yangu, ambaye kwenye karatasi hakuwa mke wa mtu. Baba yangu alipata pua ya babu, hakupata jina lake. Alipata kazi ya kubeba majora dukani. Na alipata mambo machache ambayo babu alimfundisha kwa sauti ya chini, kati ya mteja mmoja na mwingine: kwamba nguruwe haliwi, kwamba ukitoka makaburini unanawa mikono kabla ya kuingia ndani, kwamba mfiwa hupelekewa mayai. Nyumbani tuliyaita mambo ya babu. Tulikuwa Waprotestanti, tuliimba kwaya Jumapili, na tulinawa mikono tukitoka makaburini. Hakuna aliyeona tatizo.

Babu alipokufa nilikuwa mtoto wa kung'oka meno. Baba alichemsha mayai ndani ya maganda ya vitunguu kutwa nzima, moto mdogo, mpaka yakawa na rangi ya kahawa. Aliyapanga kwenye beseni, akayafunika kitambaa safi, tukaenda naye mpaka nyumba ya wafiwa. Tulipita mlango wa nyuma. Mwanamke mmoja mzungu alilipokea beseni, akasema merci, akalirudisha tupu. Baba alisimama kidogo hata baada ya mlango kufungwa. Tulipofika nyumbani alinawa mikono, akakaa sakafuni na mgongo wake ukutani. Mama alimpakulia bukari, ugali wetu, na samaki, hakugusa.

"Papa hakule juu ya nini?" nilimuuliza mama.

"Muache. Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Miye sijue."

Kesho yake alikunywa maji akaenda kufungua duka la watu waliomrithi pamoja na rafu. Sikuwahi kumwuliza. Jambo hilo lilibaki kwangu kama kiatu kimoja. Sikukitupa, ila sikujua cha pili kiko wapi.

Sasa nije kwa bibi wa Ganshoren. Ni mteja wangu, mjane mzee asiyeweza kuinama, na alizaliwa mji uleule niliozaliwa mimi, katika jamii ya Wayahudi wa kisiwa kile kile cha babu. Ajabu ni hapo tu, maana Brussels imejaa watu waliozaliwa Lubumbashi. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na dukani, cha kuamuru: leta, tosha kwa maana ya toa, funga, pole pole. Hakuwa mpole. Biskuti alizificha nyuma ya mto. Wiki ya kwanza nilimweleza habari za babu yangu, kwa mazungumzo tu, nikiwa napiga pasi. Aliitazama pua yangu muda mrefu.

"Kwetu Uyahudi inapita kwa mama," alisema. "Kwa papa haipite."

"Sikukuomba kitu, maman."

"Bon. Alors, funga dirisha."

Baada ya hapo tulielewana vizuri.

Oktoba ndugu yake wa mwisho alifia Afrika Kusini, mbali mno kwake kwenda. Nilipofika asubuhi, mlango haukufungwa kwa ufunguo. Vioo vilikuwa vimefunikwa mashuka, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda cha chini karibu na redieta, ukosi wa sweta yake umechanwa makusudi. Niliingia kama tunavyoingia sisi. Pole maman, pole sana, ni mapenzi ya Mungu, alikuwa mzee, hakuteseka, jipe moyo, na huku nafungua mapazia. Yeye alitazama ukuta. Mikono yangu ikakumbuka kitu kabla yangu: nikaenda jikoni, nikachemsha mayai mawili, nikamwekea sahani magotini.

Akaisukuma.

"Mayai hii umetosha wapi?"

"Mu frigo."

"Frigo ya nani?"

"Ya kwako, maman."

"Donc iko yangu. Mwenye kufiwa hakule ya kwake. Chakula ya kwanza inatoka mu mukono ya mwingine. Papa yako hakukufundisha?"

Nilivaa koti, nikashuka hadi kwa muuza duka wa pembeni, nikanunua mayai yangu mwenyewe, nikapanda, nikachemsha upya. Akala moja, polepole, bila chumvi. Ndipo akafungua mdomo, na siku hiyo alisema zaidi ya alivyosema mwaka mzima. Yai halina mdomo, alisema. Nyanya ina tundu la kikonyo, mkate una ufa, yai limefungwa pande zote, na mfiwa ni hivyo hivyo. Kwa hiyo anayekuja kumwona anakaa chini, ananyamaza, mpaka mfiwa mwenyewe aanze. Akianza, mnasema. Asipoanza, umekaa, basi, umefanya kazi yako.

"Weye umeingia mdomo mbele," alisema.

Nilikubali. Akaniambia wazee wao walifundisha kwamba Mungu mwenyewe huenda kuwatembelea wafiwa, na kwamba binadamu anayefanya hivyo anafuata tu nyayo zake.

"Na Yeye," alisema huku akichezea ganda, "anafika bila kusema."

Mimi tangu Machi nilikuwa nimeacha kusali. Sikukasirika, nilikuta tu kwamba upande wa pili hapajibiwi. Haikuwahi kunijia kwamba huenda ameketi nami.

"Na weye?" bibi aliuliza. "Bwana yako alikufa. Nani alikuletea yai?"

"Kulikuwa chakula mingi, maman. Niligawa miye mwenyewe."

"Sikukuuliza kama uligawa."

Nikamsimulia habari za baba na beseni la mayai ya kahawia, mlango wa nyuma, na ile bukari iliyopoa. Alisikiliza akiangalia mikono yake. Nilipomaliza, alikaa kimya muda mrefu, na safari hii nilijua kunyamaza.

"Kwetu pia walifikaka ku mlango ya nyuma," alisema. "Wale batoto ya maduka, batoto ya papa ya inje. Papa yangu alipokufa, mama yangu njo alipokea mayai yao."

"Na bo, mulibapelekea nini?"

"Rien. Hakuna kitu."

Sikumfariji, na yeye hakuomba kufarijiwa. Niliosha sahani. Nilijua sasa baba yangu alikuwa akingoja nini sakafuni pale. Alikuwa amefiwa na baba yake kama mfiwa yeyote, na alingoja mkono wa mtu mwingine ubishe hodi. Nilitegemea ugunduzi kama huo uniume. Ulikaa tu kifuani, mzito na baridi, na nikapanda basi kurudi hadi Simonis.

Nyumbani nilifanya kosa lilelile. Nilisimama mlangoni pa chumba cha binti yangu na koti bado mwilini, nikamwaga yote kwa pumzi moja: bibi wa Ganshoren, ndugu yake, frigo ya nani, yai lisilo na mdomo, babu yake aliyengoja sakafuni. Alilala akitazama ukuta. Kisha nikaenda jikoni kwetu, nikachemsha yai kutoka frigo yetu, nikamwekea kando ya kitanda. Asubuhi lilikuwa palepale, limesinyaa kidogo ndani ya ganda.

Nililila nimesimama, nisipoteze chakula, halikuwa na ladha yoyote. Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi na yeye tulifiwa na mtu mmoja, tunakula frigo moja. Mkono wangu haukuwa mkono wa mwingine.

Mkono wa mwingine ulikuwapo, tena karibu. Ng'ambo ya ngazi anakaa mama mmoja wa Bujumbura, Mwislamu, anayefanya usafi wa ofisi usiku na kulala mchana. Mwezi ule wa Machi aligonga akiwa na sahani ya pilau yenye maua ya buluu ukingoni. Nilimshukuru pale pale kizingitini, nikaipeleka sahani ukumbini, wageni wakala, nikaiosha na kuirudisha. Alirudi mara nyingine, na nyingine. "Niko sawa, dada," nilimwambia kila mara, kwa tabasamu lile ninalolitumia kazini. Akaelewa anachoambiwa, akaacha kugonga. Na sasa sikuweza kwenda kumwomba. Mfiwa hatembezi bakuli.

Ikabaki ile sehemu nyingine ya mafundisho, ya kukaa.

Nilichukua kigoda cha plastiki cha bafuni, nikakiweka kando ya kitanda chake, na kila jioni nikitoka kazini nilivua viatu na kukaa hapo bila neno. Asikwambie mtu kwamba kunyamaza ni rahisi. Maneno yalinijia mpaka kwenye meno: dirisha liko wazi, nywele hizo zisukwe, shule wamepiga simu. Niliyameza. Siku za mwanzo aligeukia ukutani. Baadaye akageukia dari. Jioni moja alinyoosha mguu, ukagusa goti langu, ukabaki hapo. Labda alikuwa amelala. Ningependa kusema moyo uliruka. Niliona tu kwamba soksi yake ina tundu.

Kazini nako nikaanza kufanya hivyo bila kupanga. Nikiingia kwa mteja, sikuanza na "ça va?" huku navua koti. Nilikaa kwanza. Mzee mmoja wa Jette, aliyekuwa hanisemeshi ila kuhusu joto la maji, siku moja alisema tu kwamba leo ndiyo siku ya kuzaliwa ya mtoto wao aliyekufa. Tukakaa. Maji yalipoa, nikayaongeza. Nilitoka kwake nikiwa na ganzi ile ile, lakini kwa mara ya kwanza tangu Machi nilijua kwa nini nimeamka siku hiyo.

Wifi hakupendezwa. Alikuja Desemba mwanzoni, akatukuta chumbani, mmoja kitandani na mwingine kwenye kigoda.

"Munakaa tu hivi? Mutoto anapotea, na weye unamuangalia?"

"Niko naye."

"Unamufanyia nini?"

Ningemweleza nini? Kwamba babu ambaye hakututambua alituachia kazi ya kukaa?

"Sikia, belle-soeur," alisema, na sauti yake ilishuka, maana naye alifiwa na kaka na hakuna aliyemkumbuka. "Nachoka kuona ile mutoto ya kaka yangu namna hii. Kama hasemi mpaka Noël, nitamupeleka kwa maombi ya kufungua. Wanafunga siku mingi. Atakaa kwangu."

Ninayajua maombi hayo. Ni sauti kubwa, mikono mingi, na mtoto katikati. Nilipaswa kukataa pale pale. Nilitafuta nguvu ya kukataa nikaikosa, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

"Bon," nilisema.

Binti yangu alinitazama, halafu akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Jumapili ya mwisho kabla ya Noël, yaani Krismasi, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Begi lake lilikuwa tayari karibu na mlango. Wifi alikuwa amesema atakuja kumchukua jioni. Sikwenda kanisani. Nilikaa kwenye kigoda changu, na safari hii hata maneno hayakunijia. Mchana ukapita. Kisha akainuka, akanipita akiwa na soksi tu, nikasikia mlango wa nyumba ukifunguka.

Nilidhani ameamua kwenda mwenyewe kwa shangazi yake, kunipunguzia mzigo. Nilitaka kumfuata, miguu ikakataa. Ilikuwa imekufa ganzi kweli, kwa kukaa. Nikasikia hodi inabishwa ng'ambo ya ngazi. Nikasikia sauti ndogo iliyokwaruza, kama ya mtu aliyeamka na mafua, na sikuitambua. Nilifikiri jirani ana mgeni.

Halafu nikamsikia jirani.

"Mayai? Yapo, mwanangu. Ingia, ingia ndani."

Mlango ulifungwa. Nikabaki na mvua na ukuta. Ilipita muda wa maji kuchemka, na muda wa mayai kuiva, na nilikaa hapohapo kwenye kigoda cha bafuni nikiwa nimeshika magoti yangu mwenyewe. Sikusali. Nilingoja, kama baba yangu.

Alirudi na sahani yenye maua ya buluu. Mayai mawili, bado yanatoa mvuke. Alikaa sakafuni mbele yangu, akaniwekea sahani magotini.

"Haiko ya kwetu, maman," alisema. "Kula."

Nililimenya la kwanza. Vidole viliungua nikasikia vinaungua. Nililila lote bila chumvi, na katikati yake nikagundua kwamba nina njaa, njaa ya kutetemesha, na kwamba nimekuwa nayo tangu Machi. Nikalimenya la pili, nikampa yeye.